Machale yakikucheza unahakikije? Wana Mwanza tupeane uzoefu

Mleta mada: Mwangaluka wakuu. Bei imeshuka kupita kiasi, muuzaji ana haraka, moyo unasita. Wengine hukimbia wakaacha mali nzuri, wengine hupuuza wakalizwa. Anayejua kazi yake aseme: machale yanaamshwa na nini hasa, na ukishasita unakagua nini? Za "mimi niliwahi" tuziweke kando, leteni hatua.

Mdau wa Mwaloni: Naanza na dagaa. Mzoefu akipita Mwaloni Kirumba huchagua kwa jicho kabla hajauliza bei. Jicho linasoma rangi: dagaa waliopata jua vizuri wanang'aa kama fedha na ukiwakunja wanakatika. Walionyeshewa na mvua hufifia, wakaenda kwenye ukahawia, na hupinda bila kukatika. Lakini jicho halioni katikati ya gunia. Ingiza mkono hadi kiwiko. Ukikuta joto ndani, mzigo ulifungwa na unyevu na ukungu uko njiani. Toa mkono, pesa ibaki mfukoni. Kisha chota konzi ya juu, ya kati na ya chini, tia kwenye maji, koroga, subiri dakika 2. Wa kwenye chanja huacha maji karibu safi, walioanikwa chini hutua na mchanga. Ndoo mbili za lita 20 zikijazwa sawasawa na moja ikawa nzito zaidi, hapo unauziwa maji au mchanga.

Na mwezi je? Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, mzigo unapungua. Anayekuletea magunia kwa magunia ya "dagaa wa jana" mwezi ukiwa mpevu, muulize stoo yake iko wapi.

Mama Sato: Kwa sato wabichi, jicho la samaki lisikudanganye. Aliyelala kwenye barafu jicho hufifia na nyama bado nzima. Fungua mashavu: mekundu ni mzuri, ya kijivu na utelezi mwache. Bonyeza mgongoni kwa kidole. Shimo lisiporudi, endelea na safari.

Mpima ardhi: Kwenye viwanja machale hudanganya kinyume: si woga, ni kupenda. Umeona ziwa, mawe na upepo, tayari umeshajenga kichwani. Basi toa futi kabla ya kutoa bei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tazama pia doa la maji kwenye mawe, maana mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu mwambaoni.

Halafu chukua namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi rasmi ofisi ya ardhi: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio? Kwenye ramani ya mipango miji uliza kama pametengwa kwa barabara au shule. Bikoni, yaani alama za mpaka, huhamishwa usiku, kwa hiyo lete mpima aliyesajiliwa. Wewe mwenyewe unaweza kuanza na kamba: kiwanja cha mita 20 kwa 25 chenye kona za mraba kina mshazari (kona hadi kona) wa mita 32 na sentimita 2, yote miwili. Ikipishana, uliza kwa nini. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unashuhudia mauziano tu, hauthibitishi umiliki. Na majirani waulize asubuhi, dalali akiwa hayupo.

Kijana wa Buswelu: Mkuu, nikikagua yote hayo kiwanja kimeshachukuliwa.

Mpima ardhi: Kichukuliwe, kaka. Au toa kianzio kidogo kwa mkataba mbele ya wakili, wenye sharti kwamba upekuzi ukikuta dosari pesa inarudi yote.

Fundi pikipiki: Pikipiki ya mtumba: sogeza kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji anaficha kuwaka kwa shida asubuhi. Mwambie utarudi ikipoa. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mara nyingi ringi zimeisha. Namba ya chesisi shingoni linganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Zikiwa zimepinda au chuma kimesagwa hapo, achana nayo.

Wakala: Meseji za pesa "zilizokosewa" hazina mjadala. Angalia salio kwa menyu yako, usipige namba iliyo kwenye meseji, iripoti kwenda 15040. Kwa *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kijana wa Buswelu: Ya dagaa, nibebe beseni hadi Mwaloni?

Mdau wa Mwaloni: Hapana. Chupa ya maji ya lita moja, ikate shingo, jaza robo tatu. Tena tope linaonekana kwa pembeni.