Risasi za vita vya 1914–1918: za aliyeziokota au za taifa?

Wakuu, wanaotembea na mashine za kutambua metali wakisaka "mali za Mjerumani" wakipita kwenye uwanja wa vita kama Mahiwa, Lindi, watakutana na risasi kabla ya dhahabu. Pale Oktoba 1917 jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck na la Waingereza yaliuana siku nne.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa malikale vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Risasi ya 1917 haimo. Mimi nataka mwaka huo usogezwe hadi 1918.

Ganda hudondoka aliposimama mpigaji. Kichwa cha risasi huishia alikolenga. Ganda la .303, risasi ya bunduki ya Mwingereza, lina ukingo uliotokeza kwenye kitako. La Mauser, bunduki mpya ya Mjerumani, halina, lina mfereji tu. Ukiokota kichwa kinene cha madini ya risasi (lead) matupu, cha milimita 11, hicho ni cha bunduki za muundo wa 1871, zile za moshi mzito walizopewa askari wengi wa Kiafrika wa upande wa Mjerumani.

Lakini kwenye mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka risasi za Waingereza zipatazo 600,000. Kwa hiyo .303 peke yake haithibitishi kwamba aliyefyatua ni Mwingereza. Lazima ujue ilikuwa imelala wapi, pamoja na nini. Ukishaitia mfukoni, habari hiyo imekwisha. Maofisa waliandika vitabu vyao. Askari na wapagazi wetu wengi hawakuandika, wameacha hivi vipande.

(Ikiwa nzima, haijalipuka, usiiguse. Ni hatari, na kukaa nayo ni kesi.)

JIBU: Mkuu, anayeuza shaba ya maganda hayo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu analisha watoto. Mwambie ni mali ya taifa, atauza usiku. Hilo taifa lilifika lini kijijini kwake kuuliza?

JIBU: Basi apige picha kitako cha ganda na ahifadhi kwenye simu mahali alipoliokota kabla ya kuuza. Sheria ya nini?

JIBU: Na hizo picha anampelekea nani?

MLETA MADA: Halmashauri ina afisa utamaduni, aanze huyo. Kuhusu shaba nakubali, alipwe anayeleta taarifa, tena zaidi ya bei ya kilo. Ila kuhusu 1863 sirudi nyuma: kwa mwaka huo hata Majimaji ipo nje.