Ng' ikae wapi? Mjadala wa kupanga majina kwenye programu

Mwanzisha mada: Wakuu, nimepanga orodha ya wanafunzi kwa alfabeti. Ng'ang'a mmoja kakaa kabla ya Ngala, mwenzake katupwa chini ya Nguma. Nusu ya usiku nahangaika! Kumbe mmoja kaandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kodi 39 (yaani namba ya alama hiyo ndani ya kompyuta), mwingine kwa ile iliyopinda ambayo simu huiweka yenyewe, kodi 8217. Mashine imelinganisha namba tu. Sasa nauliza: kwa nini tusiihesabu ng' kuwa herufi moja, ikae baada ya ng zote? Na sh, dh, th, ny vivyo hivyo. Shuleni tulifundishwa kila moja ni sauti yake.

Mchangiaji: Sauti ni jambo moja, kupanga ni jambo jingine. Wahispania walikuwa na ch na ll zenye milango yao kwenye kamusi. Mwaka 1994 vyuo vyao vya lugha vikaamua ch iingie ndani ya c, ll ndani ya l. Ukiipa sh mlango wake, "shamba" linaangukia baada ya "swala". Nani atalitafuta huko?

Mchangiaji mwingine: Nakuunga mkono, ila kila lugha ina desturi yake. Mjerumani ä anaiweka pamoja na a. Mswidi anaipeleka mwishoni, baada ya z na å. Basi programu iambiwe inapanga kwa lugha gani. Lakini hayo yaishie kwenye majina ya watu! Funguo za ndani, yaani maneno kama "title" ambayo programu yenyewe huyatumia kutambua data, linganisha kwa kodi tupu. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kituruki, geuza TITLE iwe herufi ndogo: I inakuwa ı isiyo na nukta, hailingani tena na "title", na faili halisomeki. Kosa hilo limenila siku mbili.

Mchangiaji wa kwanza tena: Halafu ritifaa zigeuzwe kuwa aina moja wakati wa kuingiza jina, si wakati wa kupanga. La sivyo mzazi anatafuta Ng'ang'a kwa simu, anaambiwa mtoto hayupo.

Mwanzisha mada: Nimezigeuza. Ng'ang'a wote wawili wako pamoja, juu ya Ngala. Kwenye sh nimesalimu amri. Ila ng' kutangulia nga, hilo bado silikubali.