Jeti ya kupigia picha! Maji yakipwa sisi wa Pate tushuke wapi?

Jamani, leo sitamung'unya maneno. Jeti hupimwa maji yakijaa au yakipwa? Maana hii tuliyopewa kijijini kwetu, kisiwani Pate huku Lamu, maji yakijaa ni jeti kweli. Yakipwa ni ukuta uliosimama topeni. Bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ndiyo balaa: mashua inatia nanga kule mbali, watu wanavua viatu, wanakunja nguo na kuingia kwenye matope hadi magotini, mizigo kichwani. Juzi bibi mgonjwa kashushwa juu ya kiti cha plastiki, vijana wanne wamemshika huku na huku. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Unga ukilowa, hasara ni ya mwenye duka leo, kesho imo kwenye bei yetu.

Hapo sijagusa Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Anayesafiri kutoka Mokowe, kule bara, anajua: ukikuta Mkanda umekauka, unangoja. Mgonjwa anangoja, samaki naye anangoja barafu ikiyeyuka. Kuzunguka nje ya Manda na kimashua wakati wa kusi, nani ana roho hiyo?

Sasa ukishapita Mkanda, tazama upande wa bara, Kililana. Magati matatu ya bandari mpya ya Lamu, ya mradi wa LAPSSET, kila moja mita 400, kina mita 17.5. La kwanza alilifungua Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe, Mei 2021. Siipingi bandari (wavuvi wana yao, Mahakama Kuu iliamua 2018 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76). Ila pesa na utaalamu wa kuchimbia meli za ng'ambo vilipatikana. Mashua ya abiria ishirini inataka kina gani hasa?

Ukienda kwa wahusika ni bajeti, mara mwanakandarasi, mara mwaka ujao. Wakija kukagua wanakuja maji yamejaa, wanashuka na viatu vinang'aa, picha mbili tatu, hao wameondoka kabla hayajaanza kupwa.

Tunataka jeti ndefu inayofika majini hata bamvua ikipwa, yenye ngazi, taa na kivuli. Na kikao kijacho cha maoni ya wananchi kiitishwe mwezi mpevu, maji yamekauka kabisa, na waheshimiwa waje kwa mashua kama sisi.

Wa Faza, Siyu, Kizingitini, Ndau: kwenu kukoje? Nani yuko tayari tuandike barua ya pamoja?