Mama kaacha daftari la wadaiwa. Kaka anataka tudai tujengee kaburi, mimi moyo unakataa. Naomba ushauri

Binti Pangani:
Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari zenu nyote. Mama yetu alitangulia mbele ya haki mwezi wa kumi mwaka jana. Tuko wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili, mimi kitinda mimba. Baba alishatangulia zamani, na babu na bibi wa kwa mama nao hawapo.

Mama alikuwa akikopesha kanga, nyumba kwa nyumba, hapa mjini na ng'ambo ya mto kule Bweni. Mzigo anachukua Tanga, anapanda nao pantoni, anakaa barazani kwa mtu, anafungua furushi. "Chukua doti yako mwanangu, nipe ulichonacho, nyingine mwisho wa mwezi." Kila kitu kiko kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Majina ya watu hakuandika. Aliandika "mama wa pantoni", "mke wa fundi baiskeli", "yule wa mkunazini". Mtu akimaliza kulipa, anapigiwa mstari. Na wapo ambao pembeni mwa deni ameandika neno moja tu: "basi". Hao alikuwa amewaachia.

Waliobaki bila mstari na bila "basi" ni 23. Jumla yao laki tisa.

Sasa masika haya kaburi limetitia na kibao cha jina kimelala. Kaka mkubwa anasema tupite tukadai hizo pesa, tuongezee, tujengee kwa saruji na vigae. Fundi kataja milioni moja na nusu. Naomba msimwone kaka mbaya. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama, na akiliona kaburi limezama vile halali usiku. Lakini nikifikiria kwenda kubisha hodi kwa yule wa mkunazini nimwambie lete pesa ya marehemu, miguu inaisha nguvu. Natamani niwaandikie wote "basi" kwa niaba ya mama. Nishaurini, nifanye lipi lenye heshima kwake?

Mzee wa Muheza:
Pole sana binti yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bi mkubwa.

Nikuulize kwanza: mzigo wa Tanga alikuwa ameulipia wote? Maana mmeshika daftari la wanaodaiwa na mama, la wanaomdai mama mmelitazama? Marehemu akishazikwa, mali yake inaanza kulipa madeni yake, halafu wasia kama upo, usizidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba roho ya muumini inaning'inia na deni lake mpaka lilipwe.

La pili, hizo laki tisa si zako peke yako kusamehe. Ni mirathi. Tuseme mama hakuwa na deni lolote: mko wanne, mafungu ni sita, wa kiume mawili mawili, wa kike moja moja. Kwako wewe ni 150,000, na dada yako vivyo hivyo. Kaka zako laki tatu kila mmoja. Fungu lako unaweza kusamehe hata leo, hakuna wa kukuzuia. La kaka yako huwezi. Usiende kwa mtu ukamwambia "umesamehewa" kabla hamjakaa wote.

Dada wa Chumbageni:
Pole mdogo wangu. Mimi naongelea kaburi. Hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim inakataza kulipaka kaburi chokaa na kujenga juu yake. Ila hofu ya kaka yako kulipoteza ina dawa. Alipozikwa sahaba Uthman bin Madh'un, Mtume alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwani, apate kulijua kaburi la ndugu yake. Basi ongezeni udongo palipotitia, muweke mawe ya kutambulisha. Mwache kaka alifanye mwenyewe, asimlipe mtu. Wakati mwingine mwanamume anatafuta tu kazi ya kumfanyia mama yake.

Na hao 23, mbona unawaita wadaiwa? Hao ni marafiki wa mama yenu. Bi Khadija, mke wa Mtume, alipofariki, Mtume alikuwa akichinja mbuzi anawapelekea nyama rafiki zake.

Wa Kibosho:
Pole dada. Mimi ni Mkatoliki, na kwetu kaburi la mama liko kihambani, shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni. Tulilijengea vigae na sijutii, Desemba tukirudi wote tunakaa pale jioni. Misa ya kumbukumbu tunaombea kila mwaka tarehe yake. Ninachojutia ni kingine. Mama aliuza ndizi sokoni miaka mingi, na pembeni yake alikaa bibi mmoja, wakipokezana kulinda meza. Siku ya msiba yule bibi alikuja kwa miguu akiwa na mkungu kichwani. Miaka mitatu hakuna aliyekwenda kumsalimia. Nilipokwenda, nilikuta matanga yake yamekwisha.

Nenda ukawaone watu wa mama yako. Hata kama pesa hamtadai, nenda.

Binti Pangani:
Mzee wangu wa Muheza, umenitoa jasho. Nimepiga simu Tanga kwenye duka alilokuwa akichukua mzigo. Mama ana deni la 240,000. Mwenye duka anasema aliona aibu kutudai msibani, akanyamaza hadi leo.

Mzee wa Muheza:
Mungu amlipe kheri kwa subira yake. Lilipeni wiki hii hii, msisubiri kukusanya. Kisha hesabu inabadilika: mkijirudishia hiyo, inabaki 660,000, fungu moja ni 110,000.

Binti Pangani (mrejesho):
Nimerudi kushukuru. Tuliongea wote wanne jana usiku. Nilipotaja deni la dukani kaka alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikadhani simu imekatika. Akasema, "Mama kalala na deni miezi minane sasa, mimi nawaza vigae." Asubuhi kalituma lote yeye peke yake, na kakataa kurudishiwa.

Vigae basi. Jumamosi anakuja na mawe na toroli. Kuhusu wale 23 tumekubaliana hivi: tunapita mimi na dada, tunasalimia, tunawaambia mama alikuwa ameandika hivi. Mwenye nafasi alipe, asiye nayo sote wanne tumeridhia tumwandikie "basi". Kaka aliomba tuandike kwenye daftari lilelile, chini ya mwandiko wa mama, tusifungue jipya.

Tunaanza na mama wa pantoni. Alichukua doti mbili, moja ameshalipa.