Natafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam nikiwa Mbeya: picha za simuni niziamini kwa kiasi gani?

Mgeni wa Jiji:
Habari zenu ndugu zangu. Naishi Mbeya na nimepata uhamisho wa kikazi kuja Dar es Salaam, ambako natakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi ujao pamoja na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Kwa wiki tatu sasa nimekuwa nikitafuta nyumba kupitia Instagram na makundi ya WhatsApp ya madalali, na nimevutiwa na moja iliyopo Goba, yenye vyumba viwili, sebule na jiko, kwa kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Natakiwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, pamoja na kodi ya mwezi mmoja ambayo ni ya dalali, yaani jumla ya shilingi 1,750,000. Dalali anasema kuna wateja wengine wanne wanaoitaka, na kwamba nikitanguliza shilingi 300,000 atanishikia nyumba hadi nitakapofika. Amenitumia picha kumi na moja na video ya dakika moja. Je, ninawezaje kujiridhisha nikiwa huku kabla ya kutoa fedha?

Mpangaji wa Tabata:
Kaka, nakuomba usitume hata senti moja. Mwaka jana nilikuwa katika hali kama yako, nikatuma shilingi 200,000 ili nishikiwe nyumba Mbezi. Wakati wa kutuma, jina lililojitokeza kwenye simu kabla sijathibitisha muamala halikuwa la dalali wala la mwenye nyumba. Nilipouliza, nikaambiwa ni namba ya mke wake kwa sababu yake ilikuwa na tatizo la mtandao. Nikabonyeza. Siku nilipofika, geti jeusi lilikuwa lilelile la kwenye picha, na hata mwembe ulikuwa pale pale kushoto, ila nyuma ya geti kulikuwa na familia inayoishi humo kwa mwaka wa tatu, na mama wa nyumba akanikaribisha maji ya kunywa kwa kuwa mimi nilikuwa wa tano kufika nikiwa na picha za sebule yake. Nyumba ilikuwepo kweli, na hilo ndilo lililonifanya niamini.

Mama Mwenye Nyumba, Kimara:
Mwanangu, naomba nikueleze upande wetu, kwa sababu watu wengi hudhani sisi ndio tunaoshirikiana na matapeli. Nyumba yangu ya uani ilipata mpangaji tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani, lakini hadi leo watu wanagonga geti wakiwa na picha zake. Nilimpa dalali mmoja tu picha zile, yeye akazituma kwenye kundi, wa kwenye kundi wakazichukua na kuweka namba zao, na sasa sijui ni simu ngapi zinazo. Zamani dalali alikuwa mtu wa mtaa, anakaa kijiweni, tunamfahamu hadi kwao, na nyumba ikishapata mtu habari inaishia hapo hapo kijiweni.

Jambo ambalo nimelitafakari sana ni hili: dalali anayedai fedha ya kumpeleka mtu kuona nyumba anapata chake hata kama nyumba haipo wazi. Akiwapeleka watu watano kwa shilingi 10,000 kila mmoja, picha ya zamani imemwingizia 50,000, kwa hiyo hana sababu ya kuifuta. Simu haikuanzisha tabia hiyo, lakini imempa wateja ambao asingewapata kwa kukaa kijiweni. Sisi wenye nyumba tulizoea kuandika ukutani kwa rangi kwamba nyumba hii haiuzwi, ili kuwakinga wanunuzi dhidi ya wauzaji wa uongo. Kwenye picha iliyomo ndani ya simu ya mtu mwingine sina mahali pa kuandika.

Muombe huyo dalali jina la mtaa na namba ya nyumba. Tangu zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 nyumba nyingi zimewekewa namba. Ukishaipata, muombe ndugu au rafiki yako aliye Dar es Salaam aende ofisi ya serikali ya mtaa aulize nyumba hiyo ni ya nani.

Dalali wa Sinza:
Nimefanya kazi hii tangu enzi za kuandika kwa chaki kwenye ubao, na aliyoyasema mama ni ya kweli, ingawa yananiuma. Fedha ya kuonyesha nyumba ni nauli na muda wetu, kwani mteja anaweza kuzungushwa nyumba sita asichukue hata moja. Hata hivyo, kumtoza mtu kwa nyumba uliyojua kwamba imejaa ni wizi.

Ndugu yangu, mwambie huyo dalali wako akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, mubashara, siyo video iliyorekodiwa. Akiwa hapo, afungue bomba la jikoni ulione linatoa maji, akuonyeshe mita ya umeme ya LUKU na akueleze kama ni ya nyumba yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine. Kisha atoke getini na kutembea hadi kwenye lami bila kukata simu. Goba ina vilima na mabonde, na picha iliyopigwa Septemba haikuonyeshi njia hiyo itakuwaje wakati wa masika. Aelekeze kamera kwenye ukuta wa nje, sehemu ya chini: ukiona rangi mpya imeishia usawa wa goti huku juu yake ni ya zamani, uliza maji yalifika wapi.

Mgeni wa Jiji:
Shikamoo mama, na ninawashukuru nyote. Nimemuomba dalali anipigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba. Amesema funguo anazo mwenye nyumba, ambaye amesafiri. Nilipoomba namba ya nyumba, hakujibu tena. Nimezungumza na shemeji yangu anayeishi Ubungo, na amekubali tufikie kwake kwa wiki mbili, ili mimi na mke wangu tuzunguke wenyewe.