Kuna kiwanda huku Nyanda za Juu kimewahi kurudishiwa hela na Tanesco kwa kupunguza umeme?

Fundi_Changarawe
Kamwene wakuu. Nipo Mafinga kiwanda cha marine board, mimi ndo naangalia umeme na mashine. Bosi ana ndugu yake Chicago anafanya kazi kwenye ghala kubwa, kamwambia kule walipong'oa taa za zamani wakaweka LED shirika la umeme liliwalipa sehemu ya gharama, na compressor mpya wakachangiwa pia. Sasa kanikomalia nijue hapa Tanesco hiyo hela inaombwaje na fomu iko wapi.

Bili yetu sio LUKU, inakuja ya mwezi ina mstari wa unit na mstari wa KVA, na huo wa KVA ndo unanitoa jasho maana hata mwezi tuliokosa magogo tukafanya kazi nusunusu haukushuka kivile. Mashine ni za kumenya magogo, dryer yenye mafeni makubwa, press mbili, compressor na misumeno. Moto wa boiler tunachoma mabaki kwa hiyo huko umeme ni kidogo. Kuna ruzuku yoyote? Kama hakuna nianzie wapi bosi aone kitu?

MnyaluOG
Mkuu fomu hiyo hakuna usijichoshe. Ndugu wa bosi hajadanganya ila kule ni habari nyingine. Jimbo la Illinois sheria inayabana mashirika ya umeme yapunguze matumizi ya wateja, ndo maana ComEd ya Chicago inachangia taa, compressor na kadhalika, na hela yenyewe inatoka kwa wateja haohao maana kuna tozo ndani ya bili ya kila mtu. Na usidhani unapeleka risiti tu unalipwa, miradi mikubwa lazima uombe na ukubaliwe KABLA hujanunua, wakupimie kabla na baada.

Sababu ya shirika kulipa watu watumie kidogo ni kwamba kununua unit isiyotumika ni rahisi kuliko kujenga mtambo mpya. Sisi saa hizi Bwawa la Nyerere lina mitambo 9 ya MW 235 kila mmoja, jumla MW 2,115, umeme wa kuzalisha upo, tatizo letu huku ni njia za kuufikisha. Tanesco anatafuta wa kumuuzia, akulipe usinunue ili iweje 😂

Mzee wa Uyole
MnyaluOG kasema kweli ila asikukatishe tamaa. Majirani wana vitu vyao, Wakenya walianza Desemba 2017 bei ya usiku kwa viwanda, unit zako za ziada usiku unalipa nusu. Afrika Kusini waliweka kwenye kodi, kile kifungu cha 12L, kila kWh uliyookoa ikathibitishwa na mpimaji huru ulikuwa unaondoa senti 95 za randi kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kwetu kuna mkakati wa taifa wa matumizi bora ya nishati wa 2024-2034, mezani kwako huo haujakuletea hela.

Hela yako iko kwenye huo mstari wa KVA. Kama mko T2 (kundi la bei la wateja wakubwa kiasi), bei za EWURA, wasimamizi wa bei za umeme, za 2016 zilikuwa sh 195 kwa unit na sh 15,004 kwa kila KVA kwa mwezi, kabla ya VAT na vitozo vingine (kama bili yako ina bei tofauti tumia ya kwenye bili). KVA hiyo ni kilele cha mwezi mzima, mita inachukua wastani wa kipindi kifupi, mara nyingi nusu saa. Ndo maana mwezi wa kazi kidogo haukukusaidia, siku moja tu mkiwasha kila kitu kwa pamoja kilele kimeshaandikwa na mnakilipia hadi mwisho wa mwezi.

Halafu angalia power factor (pf), yaani sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli, ikiwa chini KVA inapanda. Mota nyingi zinazozunguka bila mzigo wa kutosha zinaishusha. Chukua mfano unatumia kW 200, pf ikiwa 0.7 mita inaona KVA 286, ukiipandisha 0.95 inaona 211. Hizo 75 mara 15,004 ni milioni moja na laki moja na ushee kila mwezi, na hujazima hata taa ya choo. Pf inapandishwa kwa kapasita, na kwa mfano huo zinazohitajika ni kama kVAr 140 hivi (kVAr ndo kipimo cha ukubwa wake).

dogo_mwanjelwa
Kuna jamaa wanapita huku Mbeya wana kiboksi unachomeka kwenye soketi eti bili inashuka asilimia arobaini, hicho vipi wakuu?

Mzee wa Uyole
Dogo hela yako kanywee soda. Nyumbani unalipia unit sio KVA, hata kama ndani kuna kapasita ya kweli haikupunguzii kitu.

Bint_Lupembe
Mimi nipo kiwanda cha chai upande wa Njombe. Kwetu mlaji mkubwa ni mafeni ya kunyausha majani, yanapiga usiku kucha. Zamani ukitaka upepo kidogo unafunga mlango wa hewa nusu huku mota inavuta karibu vilevile. Tulivyofunga VSD (kifaa cha kubadili mwendo wa mota) ukishusha mwendo wa feni hadi asilimia 80 umeme unashuka mpaka kama nusu, ndo hesabu ya mafeni ilivyo, nguvu inafuata mwendo uliozidishwa wenyewe mara tatu, 0.8 x 0.8 x 0.8. Mafeni ya dryer yako yaangalie hivyo. Ila ukichanganya VSD na kapasita mwambie muuzaji akuwekee bank (kabati la kapasita) yenye reactor, koili ya kuzilinda, la sivyo kapasita zinavimba na kupasuka mapema.

Na compressor kaka!! Jumapili mashine zote zimelala, washa compressor peke yake halafu utembee. Utasikia shiiii kwenye maungio ya mipira na bastola za kupulizia vumbi. Sabuni ya maji kwenye chupa ya kupulizia, panapotoa povu weka alama ya chaki. Compressor ikijiwasha yenyewe kujaza tenki wakati hakuna anayetumia upepo, huo wote ni uvujaji mnaulipia.

Fundi_Changarawe
Aisee asanteni sana. Nimekagua bodi leo, kumbe bank ya kapasita ipo tangu kiwanda kinafunguliwa, controller inaonyesha pf 0.74 na taa za step zote (kila step ni fungu moja la kapasita) zinawaka. Sasa inakuwaje zinawaka na pf iko chini?

Mzee wa Uyole
Taa ya step inakwambia controller imeita tu, haikwambii kapasita ni nzima. Pita na clamp meter kila step fezi zote tatu, linganisha na amp zilizoandikwa kwenye lebo ya kapasita. Isiyovuta kitu angalia fyuzi na contactor kwanza, vikiwa vizima basi kapasita yenyewe imekufa. Kabla ya kushika chochote zima, subiri dakika kadhaa, na upime hakuna chaji, zile zinabaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Kubadili zilizokufa ni hela ndogo sana ukilinganisha na bank mpya, anza na hapo kabla ya kumwambia bosi habari za kununua.

Bint_Lupembe
Na hao wa press na wa dryer wasiwashe kwa mpigo asubuhi. Waachanishe nusu saa au zaidi, moja ipate moto ndo nyingine iwake. Weka bili za miezi sita hapa ukifunika jina na namba ya akaunti, tuone kilele kinapandia wapi.