Mjadala: Mtoto akiwa nyota wa filamu, mzazi alipwe kwa jasho la mwanawe?

MLETA MADA
Wakuu, naleta hoja, ichaneni mpendavyo. Mzazi wa mtoto anayeigiza asiruhusiwe kuwa meneja wake wala kula asilimia ya malipo yake. Mtoto aigize akitaka, lakini mzazi awe na riziki yake.

Mfano wangu ni Macaulay Culkin, yule wa Home Alone ambaye kila Krismasi anarudi kwenye TV zetu. Kazaliwa New York mwaka 1980, wa tatu katika nyumba ya watoto saba. Filamu ilipotoka 1990 alikuwa na miaka 10. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule alilipwa dola 100,000, na filamu ikaingiza zaidi ya milioni 470 duniani. Kwa ya pili, 1992, dau likapanda hadi milioni 4.5. Ilipofika filamu ya Richie Rich, milioni 8.

Meneja ni baba mzazi, Kit Culkin, ambaye Hollywood nzima ilimwogopa kwa ubabe. Iliripotiwa kuwa aliibana studio: mwanangu apewe nafasi kwenye The Good Son, la sivyo Home Alone ya pili msahau. Mtoto akapewa. Mwaka 1994 peke yake filamu zake tatu ziliingia sinema. Halafu akaacha kazi, ana miaka 14! Wazazi wakatengana, wakaburuzana mahakamani kugombea watoto, na dogo naye ikabidi apite njia ya sheria ili majina yao yatolewe kwenye mfuko wa fedha zake. Magazeti yakaandika kwamba amewakana wazazi. Mwenyewe alikuja kueleza mwaka 2018 kuwa haikuwa hivyo hasa: alitaka tu msimamizi mwingine wa pesa. Sasa niambieni, mtoto wa rika lile anatakiwa kuwaza hayo?

MCHANGIAJI WA 1
Umekaza mno, mkuu. Sheria za California zinataka mtoto wa chini ya miaka 16 awe na mzazi au mlezi anayemwona au kumsikia muda wote wa kazi. Yaani sheria yenyewe inamtoa mama ofisini. Halafu wewe unasema asilipwe? Hao sita wengine wale nini?

MLETA MADA
Swali zuri. Alipwe posho na studio, kwa kuwepo pale, kama wanavyomlipa mwalimu wa watoto. Asilipwe kutoka mfukoni mwa mwanawe. Tofauti ni kubwa: mtoto akisema nimechoka, posho ya siku moja imekatika. Lakini kama kodi ya nyumba yote inamtegemea yeye, nani atamsikiliza?

MCHANGIAJI WA 2
Hili jambo ni la kale kuliko huyo Culkin. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin kwenye The Kid, 1921, akawa mtoto tajiri kuliko wazee wengi wa Hollywood. Anakadiriwa kuingiza dola milioni 3 hadi 4 za enzi zile. Baba akafa kwa ajali ya gari 1935. Kijana alipofikia utu uzima na kuuliza chake, mama na baba wa kambo wakamwambia hana kitu. Akawashtaki 1938, akaambulia kama dola 126,000. Na kisheria mama hakuwa mwizi, maana wakati huo kipato cha mtoto kilikuwa mali ya mzazi! Ndipo ikaja Sheria ya Coogan, 1939, ya kumwekea mtoto akiba sehemu ya kipato chake.

Hata hiyo ilivuja kama pakacha. Shirley Temple, mtoto nyota wa filamu wa miaka ya 1930, alikuja kuandika kuwa katika zaidi ya milioni 3 alizochuma, alikuta kama 44,000. Gary Coleman, aliyekuwa mtoto nyota wa TV, akawashtaki wazazi wake mwaka 1989, akashinda zaidi ya milioni moja. California iliziba tundu kuanzia mwaka 2000: kipato ni mali ya mtoto, na asilimia 15 iwekwe akaunti maalumu mpaka afike miaka 18. New York, kwao Culkin, ilianza kulazimisha hiyo 15 mwaka 2004, wakati yeye keshakuwa mtu mzima.

MCHANGIAJI WA 3
Mbona hamumtaji mdogo wake? Kieran alikuwemo kwenye Home Alone hiyohiyo, yule binamu mwenye miwani. Mwaka 2025 kachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi. Baba yuleyule, nyumba ileile. Tukiwafungia wazazi wote kwa ajili ya wachache tutawakosa akina Kieran.

MLETA MADA
Umenipigia pasi. Kieran alikuwa na nafasi ndogondogo, akakua taratibu. Hakuwa yeye aliyebeba nyumba. Mzigo ulikuwa kwa kaka yake, na kaka ndiye aliyekimbia.

MCHANGIAJI WA 4
Mimi naona mnabishania ya jana. Watoto wa leo hawaendi studio, wanarekodiwa sebuleni na mama mwenye simu. Illinois imetunga sheria iliyoanza Julai 2024 inayowapa haki ya sehemu ya mapato ya video hizo, na California ikafuata. Huku kwetu wazazi wanawachezesha watoto TikTok mpaka usiku wa manane, na mtu akihoji anaitwa mwenye wivu.

Halafu hiyo 15 mnaisifia ya nini? Ukitoa kodi, wakala na wanasheria, kinachobaki bado kinashikwa na mzazi, hata kama karatasi zinasema ni cha mtoto.

MCHANGIAJI WA 1
Na meneja wa nje akiiba je? Baba angalau ni damu.

MLETA MADA
Meneja wa nje anafukuzwa kwa barua. Baba utamfukuzaje ukiwa na miaka 12 na unaishi kwake?

MCHANGIAJI WA 2
Basi ongeza hili kwenye hoja yako: huyo meneja wa nje athibitishwe na mahakama, na hesabu zake zikaguliwe huko kila mwaka. Bila hilo siungi mkono, maana Coogan hakuibiwa na baba. Yule baba wa kambo alikuwa mshauri wa fedha wa familia kabla hata hajamuoa mama.